Spika Mbili na Sauti ya Mzee Abraham

Jumapili, 8 Juni 2025

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Mke wangu Evodia ameninong'oneza habari hiyo kanisani, katikati ya matangazo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Watu wawili wa benchi la mbele wakageuka.

Ninayo sababu. Mama mkwe alipokuja Pasaka kutoka Itigi, nilimwahidi kumsikilizisha sauti ya marehemu mumewe, Mzee Abraham. Mzee alifanya kazi reli maisha yake yote, na jioni alifundisha kwaya. Imebaki kaseti moja tu ambayo ndani yake anaimba peke yake, iliyorekodiwa kanisani kwao mwaka 1991. Katika ukoo huu mwenye kompyuta ni mimi. Basi nikaunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, nikaingiza wimbo, nikawasha spika mbele ya wakwe wote.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akauliza kwa upole kama siku ile ya kurekodi mvua ilikuwa inanyesha.

Haikuwa mvua. Zilikuwa spika zangu. Na Bonifasi, kinyozi wa nyumba ya pili, ambaye hakuna aliyemwalika, akasema yeye anasikia mahindi yanapepetwa. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, ila kwa mdomo tu.

Sasa nimepewa nafasi ya pili. Si wengi hupewa. Naandika hapa ili nijifunge mwenyewe: Jumamosi mama mkwe atamsikia mumewe kana kwamba amekaa sebuleni kwetu, hapa Iguguno. Kesho naomba likizo kwenye ghala la alizeti. Ni msimu, lakini nitasema ni mambo ya ukweni. Sijaona bosi wa kukataa mambo ya ukweni.

Jumatatu, 9 Juni

Likizo imekubaliwa, siku kumi nzima. Bosi alinipa pole na hongera kwa pamoja, hakujua ipi inafaa.

Nimechunguza sebule. Tatizo nimelipata kabla ya saa nne: kuta. Sauti inatoka kwenye spika, inagonga saruji, inagonga bati, inarudi masikioni ikiwa imechoka. Niliwahi kusikia kwamba studio hubandika trei za mayai ukutani. Evodia anafuga kuku wa mayai mia na ishirini. Trei zimejaa stoo, zimepangwa vizuri, hazina kazi. Nikashukuru kwamba nilioa mfugaji.

Nimebandika trei arobaini na moja kwa gundi ya mbao. Nikasimama katikati nikapiga makofi. Makofi yakafa papo hapo, kama yamepigwa ndani ya gunia. Sijapata kufurahi hivi tangu Lucy, binti yetu, afaulu kidato cha nne.

Evodia karudi kutoka bandani na mayai ya jioni. Akaenda stoo. Akatoka stoo. Akasimama mlangoni mwa sebule akitazama ukuta mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akaniuliza mayai ya mteja wake wa Singida yatasafiri ndani ya nini kesho. Nikashauri ndoo yenye pumba. Akaenda kuchukua ndoo. Mwanamke wa aina yake.

Jumanne, 10 Juni

Ndoo haikufaa. Mayai mengi yalipasuka kabla hata basi halijafika kituoni. Tumekula mayai asubuhi, mchana na jioni. Nilishukuru kabla ya kila mlo. Kwenye mlo wa tatu Evodia hakuitikia amina.

Leo ilikuwa siku ya besi. Bonifasi ana sabufa yenye taa za bluu katika saluni yake. Akiiwasha, vikombe vyetu vinatetemeka kabatini. Mzee Abraham aliimba sauti ya nne, na sauti ya nne bila besi ni sawa na ugali bila sufuria. Nikachukua pipa la plastiki la kuwekea maji, nikalisukuma kwenye kona, nikatumbukiza spika zote mbili ndani. Kisha kwenye kompyuta, pale penye vile vitelezi kumi vya kurekebisha sauti, nikapandisha vyote hadi juu kabisa. Sikuona sababu ya kukibania hata kimoja.

Sauti imekuwa kubwa na nzito. Maneno hayasikiki, lakini unayahisi tumboni. Kuku wote wamehamia upande wa mbali wa banda.

Jioni nikawaza kwamba labda kosa lilikuwa la siku ile ile ya kuingiza kaseti. Nikaitoa kabatini niirudie. Redio kaseti ilicheza vizuri kama sekunde kumi, halafu ikaanza kuutafuna utepe. Nikavuta. Na yenyewe ikavuta. Nikavuta zaidi.

Utepe umekatika vipande vitatu, na kingine bado kimo ndani ya redio. Vipande nimeviweka kwenye kopo la kahawa, kopo nimelipandisha juu ya kabati. Evodia sijamwambia. Nimtie wasiwasi wa nini, wakati wimbo umo salama ndani ya kompyuta? Nashukuru nilikuwa na akili ya kuuingiza mapema. Mtu asiye na mipango saa hizi angekuwa analia.

Jumatano, 11 Juni

Singida Mjini kwa Idrissa, fundi wa kompyuta. Alikuwa amefunga duka kwa ajili ya Idi, leo ndipo amelifungua. Nimesafiri na kompyuta mapajani, nimeifunga kwa kanga ya Evodia. Mama mmoja ndani ya basi aliniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Idrissa ni mtu wa makamo, mtaratibu. Alivaa spika zake za masikioni, akainamisha kichwa, akasikiliza wimbo wote bila kugusa kitu. Akasema huyo mzee alikuwa na kifua. Nikamwambia ni baba mkwe. Akasema Mungu amrehemu. Nilijisikia vizuri sana, kana kwamba nilikuwa nimeimba mimi.

Kisha akanieleza kwamba ule mvumo unatoka ndani ya kompyuta yenyewe. Ni ya zamani, sehemu yake ya sauti imebanwa karibu na feni na mavyuma mengine, inaokota kelele zao na kuzipeleka kwenye spika. Akatoa kadi ya sauti ya kuchomeka kwa nje, ndogo kama kidole gumba. Akaniagiza niitumie hiyo, nishushe vitelezi vyote vikae katikati, niweke spika usawa wa masikio mbali na kona. Basi.

Nikamuuliza kama hana kitu kikubwa zaidi. Akasema hicho kinatosha. Nikamweleza kwamba siwezi kutoka Iguguno hadi mjini nikarudi na kitu cha ukubwa ule, mke wangu atanielewaje. Akafikiri kidogo, akanitilia kwenye mfuko mkubwa.

Muungwana kweli. Ila naona kwa mambo makubwa hajafika. Kadi yake nimeiweka kwenye droo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepakua programu ya kusafisha sauti. Haihitaji kadi, haihitaji pipa. Inaingia ndani ya wimbo wenyewe na kufagia.

Katika wimbo kuna kelele mbili. Ya kwanza ni mvumo. Ya pili iko mwishoni: kanisa lao lilikuwa jirani na reli, na Mzee alipokuwa anamalizia ubeti wa mwisho, treni ikapita, honi na kila kitu. Niliona aibu kwa niaba yake. Mtu anaimba hivyo halafu treni inamwingilia. Nikaichagua treni yote, nikaifuta. Kisha nikaufagia mvumo. Ulipungua. Nikafagia tena. Kwa jumla nilifagia mara sita.

Programu ikauliza kama nihifadhi juu ya faili la zamani. Nikakubali. Sipendi mafaili mengi, yanachanganya.

Nikakaa kwenye kochi kusikiliza. Mzee Abraham alikuwa anaimba chini ya maji, ndani ya bomba, bila meno.

Nikatafuta faili la zamani. Halipo. Nikatafuta kila mahali. Nikafungua hata droo, ingawa najua faili haliwezi kuwa ndani ya droo.

Basi nikakaa. Kaseti vipande vitatu, faili chini ya maji. Sauti ya mtu aliyefariki mwaka 2009 imeishi miaka yote hiyo kwenye joto na vumbi la Itigi, imekuja kukutana na mimi, haikumaliza wiki.

Niliomba. Sikujua hasa niombe nini. Nilishukuru tu kwamba Evodia alikuwa bandani na hajaniona uso.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia. Nilimfuata bandani asubuhi akimwaga maji kwenye vyombo vya kuku. Nilianza na kopo la kahawa, nikaendelea na programu, nikamaliza na treni. Nilisema yote bila kusimama, maana ningesimama nisingeendelea.

Evodia akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akalipokea lile kopo nililokuja nalo, akalifungua. Kisha akasema:

"Sauti ya baba yangu ulikuwa nayo mahali pawili tu, Baba Lucy."

Nikasema najua. Akasema hapana, sijui. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nilisimama pale na kuku wakinidonoa kamba za viatu, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na wazo lolote.

Alimaliza kumwaga maji chombo cha mwisho. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Nenda kwa Bonifasi. Siku ile ya Pasaka, ulipokwenda kuwasindikiza wageni, nilimwomba achukue wimbo kwenye flashi yake, akautunze."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwamba tumeoana miaka ishirini na mbili.

Nikavuka hadi saluni. Bonifasi alikuwa ananyoa mtu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na kweli nilistahili kicheko. Nikamweleza mbele ya mteja wake na povu lake usoni. Bonifasi akazima sabufa. Akasema flashi anayo, iko kwenye sanduku la vyeti vya watoto, hajaigusa tangu siku ile. Akauliza mama anafika saa ngapi. Nikasema saa saba mchana kesho. Akasema atakuja asubuhi.

Kesho ni Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku yake ya kunyoa kijiji kizima. Nilimkumbusha. Akasema nywele haziendi popote.

Nilirudi nyumbani nikiwa sioni njia vizuri. Vumbi, nadhani.

Jumamosi, 14 Juni

Bonifasi alifika saa mbili. Akasimama katikati ya sebule akatazama trei. Akatazama pipa. Nilimwona akiuma mdomo wa chini. Ninamshukuru kwa ule mdomo.

Alizitoa spika ndani ya pipa. Akazivuta mbali na kona, akazipandisha juu ya vigoda viwili, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, kila moja imegeuzwa kidogo kuelekea kochi. Akavishusha vitelezi vyote kumi hadi katikati. Kisha akauliza kama sina kadi ya sauti ya nje. Nilisita. Evodia akafungua droo.

Akachomeka kile kidole gumba, akachomeka flashi yake, akabonyeza. Nikasubiri mvua. Haikunyesha. Kulikuwa na kimya, na ndani ya kimya mtu akavuta pumzi. Bonifasi akazima haraka. Akasema huo mwanzo si wetu kuusikia, tumsubiri mwenyewe. Sikumjua Bonifasi kuwa mtu wa namna hiyo. Tumekuwa majirani wa nyumba ya pili miaka tisa.

Kuhusu trei alisema labda zinasaidia, labda hazisaidii, ila gundi ya mbao haitoki. Zimebaki.

Mama mkwe aliingia na dumu la asali ya Itigi na begi lake dogo. Tukamwamkia, shikamoo Mama, akaitikia marahaba, akatuuliza hali mmoja mmoja, Bonifasi pia. Akala, akanawa. Kuta aliziona, akasema tu kwamba sasa nyumba ina joto. Ndipo akakaa kwenye kochi, mikono mapajani kama Pasaka, akanitazama mimi. Nilimpisha Bonifasi kwenye kompyuta. Akakataa. Akasema mkwe ni mimi.

Nikabonyeza.

Mzee alivuta pumzi. Akaimba. Sijui niandikeje. Mimi sikuwahi kumwona: tulioana bila ridhaa ya ukoo wake, na alifariki kabla hatujapatana nao. Lakini leo nilimsikia akitafuta noti ya chini na kuipata, nikasikia ulimi wake ukigusa meno kwenye neno "asante". Evodia alishika mkono wa mama yake. Beti zote nne, hakuna aliyesogea.

Kisha ikaja treni. Niliiogopa ile treni. Magurudumu, honi, kelele yote ile niliyoionea aibu. Na chini ya treni, sauti ya Mzee, si ya kuimba tena, ya mtu anayejisemea baada ya kumaliza kazi:

"Kachelewa tena huyu."

Pasaka hatukuisikia. Ilikuwa imefunikwa na mvumo.

Mama mkwe akaachia mkono wa Evodia. Akacheka. Kicheko kidogo kwanza, halafu kikubwa, hadi akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika, sikujua kama bado anacheka. Alipofunua uso akatuambia kwamba kila jioni ya ndoa yao, treni ikipiga honi, Mzee alisema maneno hayo hayo. Hata ikiwahi alisema. Hata alipokwisha kustaafu, yuko kitandani anaumwa, aliinua kidole akasema kachelewa tena huyu.

"Wimbo aliwaimbia watu," akasema. "Hayo ya treni alikuwa ananiambia mimi. Nirudishie hapo, mwanangu."

Nikamrudishia. Akaomba tena. Tulisikiliza treni mara saba. Baada ya mara ya saba nilitoka nje kuangalia kuku. Kuku hawakuwa na tatizo lolote. Nilikaa nao tu kidogo.

Alipokuwa anaondoka, Bonifasi alipewa chupa ya asali. Nilimsindikiza hadi mlangoni pa saluni yake, hatua hamsini. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa. Nikamwambia asante. Akasema siku nyingine nimwite kabla ya pipa.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoa shukrani kanisani, nimesimama kabisa. Nimemshukuru Mungu, mama mkwe, Evodia, Bonifasi kwa jina, na fundi mmoja wa Kiislamu wa mjini. Watu waliitikia vizuri.

Evodia ameuweka wimbo kwenye flashi tatu na kwenye simu ya Lucy. Nilimuuliza ziko wapi hizo flashi. Ameniambia ziko salama.

Ukiutafakari kwa utulivu, ushindi wa jana una sababu nyingi. Bonifasi alisogeza spika, sikatai. Lakini alizisogeza ndani ya chumba chenye trei arobaini na moja. Hilo naona watu hawalisemi.

Jumanne, 17 Juni

Itigi. Nimemsindikiza mama mkwe nyumbani, kwa sababu ya mzigo na kwa sababu ya heshima. Njiani alinisimulia habari za Mzee kwa mabasi mawili mfululizo. Ameniita mwanangu mbele ya majirani zake wote. Sijui nimefanya nini katika maisha yangu hadi nikastahili wiki kama hii.

Amenikaribisha barazani, akanipa chai, akaenda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa pili. Ameniachia redio yake ndogo nisikilize nisichoke. Ni redio ya betri, imara, anaipenda sana, kila siku anasikilizia taarifa ya habari na sala. Inaongea vizuri.

Lakini vizuri si mwisho. Nimeisikiliza kwa makini nusu saa nzima, na kwa uzoefu nilioupata naweza kusema sauti yake inatokea puani kidogo. Ni kitu cha dakika tano. Sitamwambia. Atarudi, atawasha, atashangaa mwenyewe.

Nimekwisha kufungua mgongo. Ndani ni pasafi, fundi aliyeiunda alikuwa na mkono mzuri. Ila kuna waya mmoja mwekundu, mwembamba sana, ambao nimeufuata mwanzo hadi mwisho na sioni una kazi gani. Naona ndio unaobana sauti.

Mama mkwe amesema atakuwa amerudi saa kumi, asipitwe na taarifa ya habari. Sasa ni saa tisa na robo. Hapa hakuna kelele, hakuna wa kuniharakisha, na kwenye mfuko wa koti nimekuta kiwembe. Mungu ni mwema.